Turubai la Mzee Ambani

Tulimzika Joabu Lihanda huko Lugari, kwenye shamba alilopata wakati wazungu walipouza mashamba yao na kuondoka. Msimamizi wa ratiba alinipa dakika chache za kueleza maisha ya marehemu ujanani mwake, na hata hizo sikuzimaliza. Nilisema alikuwa mchapakazi, kwamba alijua miti kwa majina, na kwamba tulifanya kazi pamoja katika msitu wa Kakamega kabla hajaja kulima mahindi. Nikaketi. Jioni, magari yalipokwisha kuondoka na wanawake wakiosha sufuria nje, mjane wake Robai aliniita jikoni, akanivutia kigoda karibu na meko na kunimiminia chai. Alinitazama mpaka nilipopiga funda la kwanza. "Shemeji," akasema, "umeongea kama mtu anayesoma tangazo la chifu. Habari ya turubai uliificha wapi?" Nilimjibu kwamba pasta alikuwepo, na wakwe zake walikuwepo, nikaona si mahali pake. "Hawa wajukuu hawajui kitu," akasema. "Wanafikiri babu yao alinipata kwa ng'ombe tu." Nimekuwa mwandishi wa habari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimeandika juu ya watu wengi nisiowajua. Hii ni habari niliyoiona kwa macho yangu, na watu wawili kati ya wanne waliohusika sasa wako udongoni. Basi naiandika.

Ulikuwa ule mwaka wa uhuru. Nilikuwa nimemaliza shule na kuajiriwa kuwa karani wa kikundi kidogo cha kupima vitalu vya miti upande wa kaskazini wa msitu, karibu na Buyangu. Kazi yangu ilikuwa kuandika jina la mti na unene wake kadiri nilivyotamkiwa. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Ambani, mtu mwembamba mwenye mvi za mapema, aliyefanya kazi msituni tangu kabla ya vita vya Wajerumani vya mara ya pili. Joabu Lihanda, aliyenizidi umri kidogo, alishika upande mmoja wa mnyororo wa kupimia na Mzee akashika upande wa pili. Mpishi wetu alikuwa Musa, Mwislamu kutoka Mumias, aliyemsalimu kila mtu kwa salaam aleikum hata kama mtu huyo alikuwa mzee wa kanisa. Tulikaa msituni kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Hapo zamani kikundi kililala kwenye hema, chini, lakini siafu waliwahi kuingia hema moja na kuwatoa watu nje wakiwa uchi, hadithi ambayo Musa aliisimulia kila wiki akiongeza idadi ya waliokimbia. Kwa hiyo Bwana Msitu, mzungu aliyekuwa akijiandaa kurudi kwao, alitutafutia machela za kijeshi, vitanda vya turubai vinavyofungwa kwa kamba kati ya miti miwili, mtu akalala akining'inia kama popo. Kwenye kila kamba tulifunga kitambaa kilicholowekwa mafuta ya taa. Siafu walifika hapo wakageuka, na maji ya mvua yaliyofuata kamba nayo yakadondokea hapo badala ya kuingia kitandani.

Machela bila paa ni beseni. Ndiyo sababu mwanzoni mwa mwaka tulitumwa Kakamega mjini, Mzee, Joabu na mimi, kuchagua maturubai katika duka la Mhindi mmoja karibu na soko. Bado nalikumbuka duka lile: ubaridi wake baada ya jua la barabarani, harufu ya nta na mafuta ya cherehani, na mwenye duka akiwa ameketi juu ya marobota ya nguo kama mtu aliyepanda ngamia. Alitutandikia aina mbili. La kwanza lilikuwa la kijani, zito, limepakwa nta, limeshonwa kwa vipande viwili vipana vilivyokutana katikati, na lilitosha kufunika machela mbili pamoja na mizigo. La pili lilikuwa la kaki, jepesi, la mtu mmoja, lenye pete za chuma zinazong'aa pembeni za kupitishia kamba. Mzee alilikunja lile zito likawa kama bakuli, akaomba maji, akamimina, kisha akaenda nje kunywa soda. Tulisubiri. Aliporudi alitazama chini ya bakuli bila kugusa, maana, alituambia, turubai lililolowa ukiligusa kwa ndani hapo hapo linaanza kuvuja. Lilikuwa kavu. "Hili ni nyumba," akasema. Joabu tayari alikuwa amelitupia lile jepesi begani, akatembea nalo dukani huku na huku. "Mimi nachukua hili, Mzee. Nitalibeba kilima chote nikiimba." Mwenye duka akacheka. "Kijana anachagua turubai kama anachagua koti." Mzee alimtazama Joabu kwa jicho la upendo ambalo sikuwahi kuona akimpa mtu mwingine. "Mwache," akasema. "Mwanangu huyu anapendanga kitu kinachong'aa."

Mwanangu. Alimwita hivyo mbele ya kila mtu. Mzee alikuwa na mabinti, hakuwa na mtoto wa kiume, na Joabu alikulia kwa baba yake mdogo, kwenye nyumba iliyojaa watoto wa wenyewe. Msituni walikula sahani moja. Musa alipopakua obusuma, ugali wa kwetu, na mboga ya mrenda aliwawekea wao wawili pamoja, nasi wawili pamoja, na nimewaona mara nyingi Mzee akisukuma kipande kikubwa cha samaki upande wa Joabu, na Joabu akikisukuma kurudi, mpaka Musa akawakemea kwamba samaki amekufa tayari, hakuna haja ya kumtembeza. Mimi nilikuwa na wivu kidogo. Nilidhani Joabu alikuwa na kila kitu.

Ijumaa tulipotoka msituni tulipitia nyumbani kwa Mzee, ukingoni mwa miti, na tukalazimishwa kula kabla ya kuendelea na safari zetu. Nyumba yake ilikuwa na sebule ndogo iliyopakwa udongo mwekundu chini na mweupe juu, viti vya mbao vilivyopambwa vitambaa vya kushona, na mlango wa nyuma uliofungukia jiko. Kutoka kwenye kiti changu niliweza kusikia kila kitu kilichosemwa jikoni, na mimi ni mtu asiyeweza kuziba masikio. Hivyo ndivyo nilivyojua juu ya mwalimu. Mke wa Mzee alikuwa akimwambia jirani yake kwamba mwalimu mmoja wa shule ya misheni, mwenye baiskeli, alikuwa amemtuma mtu kuulizia habari za Robai, binti mkubwa, na kwamba Mzee hajakataa. "Amesema nini?" jirani akauliza. "Amesema msichana akipata mtu mwenye mshahara na tabia, baba ataomba nini zaidi?" Wiki iliyofuata, kwenye kiti kile kile, nilisikia sauti ya Robai mwenyewe. Alikuwa akichambua mboga. Joabu alikuwa amekwenda nyuma kunawa mikono, na kunawa kwake siku hizo kulichukua muda mrefu kupita kiasi.

"Mwalimu anakuja na wazee wake mavuno yakiisha," Robai alisema.

"Nimesikia."

"Umesikia tu?"

"Sasa nimwambie nini Mzee? Ananiita mwanangu."

"Na wewe unaitika," akasema Robai. "Endelea kuitika. Mwaka ukiisha utakuwa kaka yangu kamili, na utabeba sanduku langu mpaka kwa mwalimu."

Joabu alirudi sebuleni mikono ikiwa bado inadondosha maji. Mzee akamwambia, "Kaa, mwanangu, chai inapoa." Joabu akakaa. Hakuitika, lakini Mzee hakuona, maana alikuwa akimimina chai.

Kwa msomaji ambaye hakulelewa kwetu, ni lazima nieleze jambo moja. Mkwe kwetu ni mtu wa heshima, na heshima ina umbali wake. Mama mkwe hata macho hukutani naye ovyo. Kwa baba mkwe siku hizi watu wamelegeza, lakini Mzee Ambani alikuwa wa kizamani: mtu na mkwewe hawali sahani moja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na hawalali chini ya paa moja. Jambo hili lilizungumzwa msituni jioni moja tukiwa tumezunguka moto, kwa mzaha. Musa alikuwa akilalamika kwamba mkwe wake mmoja alimtembelea Mumias na ikabidi amtafutie mahali pa kulala kwa jirani. "Angekuja huku msituni," Musa akasema, "ningemlaza hapa hapa. Turubai si nyumba. Nyumba ni ukuta." Mzee akatikisa kichwa. "Ukuta bila paa ni boma la ng'ombe. Nyumba ni paa. Mimi na mwanangu tukiwa safarini tutalala chini ya turubai moja na hakuna neno. Mtu na mkwe wake hapana, hata inyeshe mvua ya mawe." Musa akasema basi Waluhya wanahitaji maturubai mengi, na watu wakacheka. Nilimtazama Joabu. Alikuwa akikoroga moto uliokuwa unawaka vizuri bila kukorogwa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakumtuma baba yake mdogo mapema, kama desturi inavyotaka. Nilimuuliza hata uzeeni, tukiwa tumekaa Lugari tukitazama mahindi yake. Aliniambia aliogopa mambo mawili kwa pamoja. Mzee akikataa, atampoteza Robai. Mzee akikubali, atampoteza Mzee. "Wewe hukujua," aliniambia. "Sijawahi kuitwa mwanangu na mtu mwingine."

Mwezi wa Mei mvua zilikuwa zimekaza. Musa alikwenda nyumbani kwa Idi ya kuchinja na turubai lake begani, akatuachia unga, maharagwe na maonyo kuhusu chumvi, tukabaki watatu. Alasiri hiyo tulirudi kambini mapema kwa sababu nyani na ndege walikuwa wamenyamaza wote kwa pamoja, na Mzee hakupenda ukimya wa namna hiyo. Kambi yetu ilikuwa kwenye uwazi mdogo: turubai kubwa la kijani likifunika machela ya Mzee, yangu na masanduku, na hatua kadhaa pembeni, turubai la kaki la Joabu. Joabu alipenda paa lake linyooke kama meza. Alizunguka akikaza kamba za katani moja baada ya nyingine, akizigonga kwa kidole zikalia kama nyuzi za gitaa. "Legeza kidogo," Mzee akamwambia kutoka kwenye machela yake. "Katani ikilowa inajivuta." Joabu akasema atalegeza akimaliza kufunga upande wa pili, na kabla hajamaliza mvua ilifika. Haikuanza kwa matone. Ilikuja ikinguruma juu ya majani kutoka mbali kama lori, kisha ikawa juu yetu, na baada ya muda mfupi ikaanza kurusha mawe. Barafu ya ukubwa wa punje za mahindi, kisha ukubwa wa njugu mawe, ilirukaruka chini na kupiga turubai letu kwa kishindo hata hatukuweza kusikilizana. Nikasikia mlio mmoja mkali, kama mtu amepasua shuka. Kamba zilikuwa zimelowa na kujivuta, na zile pete za chuma zinazong'aa zilichomoka kwenye kitambaa upande mzima. Turubai la kaki lilipinduka, likabaki likining'inia kwa pembe moja. Machela ya Joabu ilijaa maji na barafu mbele ya macho yetu, blanketi likiwa ndani.

"Joabu," Mzee akaita. "Ingia huku, mwanangu."

Joabu alikuja mbio mpaka ukingoni mwa turubai letu, mahali maji yalipokuwa yanaporomoka kama pazia, akasimama hapo hapo. Hakuingia. Barafu ilimpiga kichwani na mabegani. Mzee alisogeza sanduku kwa mguu kufanya nafasi. "Ingia, unangoja nini? Utalala hapa na karani."

"Siwezi, Mzee."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kulala hapo."

"Una ugonjwa?"

"Sina."

Mimi nilijua, na nilitazama sanduku la bati la ramani kana kwamba sijawahi kuliona. Mzee alikuwa amekunja uso wa hasira, uso wa mtu ambaye mtoto wake anafanya upuuzi. Kisha niliona hasira ile inasimama. Alimtazama Joabu kuanzia miguuni mpaka kichwani, kijana aliyetetemeka hatua moja kutoka mahali pakavu, na nadhani alisikia maneno yake mwenyewe ya jioni ile kwenye moto. Alikaa polepole ukingoni mwa machela.

"Nani amekutuma?" akauliza. Sasa aliongea kwa sauti ya chini, hata tukamsikia kwa shida.

"Hakuna. Ni mimi mwenyewe."

"Yeye anajua?"

"Anajua."

"Na mama yake?"

"Nadhani yeye alijua kabla yangu."

Barafu ikapungua, ikabaki mvua nzito ya kawaida. "Mwalimu amekuwa mtu wa adabu kwangu," akasema hatimaye.

"Ni kweli, Mzee. Na ana baiskeli. Mimi sina."

"Sijakuuliza baiskeli."

Joabu alikuwa ameanza kugonga meno. Nimehudhuria mikutano ya wakubwa na kesi za mauaji tangu wakati huo, lakini sijawahi kuona jambo zito likiamuliwa na watu wachache hivyo. Kama Mzee angesema tena "ingia, mwanangu", lingekuwa jibu, na Joabu angelazimika kuingia akiwa mwana au kuondoka msituni. Sote watatu tulijua.

Mzee alisimama akachukua kisu chake kutoka kwenye ala. Alipapasa turubai juu ya vichwa vyetu, kwa nje, akinyoosha mkono mvuani, mpaka akapata mshono wa katikati. "Karani, shika hapa," akaniambia. "Vuta."

Nilielewa anachotaka kufanya, na nikasema jambo la kikarani. "Mzee, hii ni mali ya serikali."

"Serikali gani? Ya zamani inafunga mizigo, mpya haijafika. Vuta."

Nikavuta. Alifuata mshono kwa ncha ya kisu, nyuzi zikikatika moja moja, kwa utaratibu ule ule aliopimia mipaka, mpaka turubai la kijani likawa mawili na mvua ikatumwagikia sisi wote, ikalowesha blanketi zetu na unga wa Musa. Alirudisha nusu moja haraka juu ya machela yake na masanduku, ambayo ndiyo yaliyokuwa kitanda changu usiku ule. Nusu ya pili aliikunja. Joabu alikuwa mbele yake, karibu kiasi cha kupokea, na alikwisha nyoosha mikono. Mzee hakumpa. Aliiweka mikononi mwangu. "Mpelekee," akasema.

Nilizunguka, nikatembea hatua mbili, nikampa. Tuliitundika pamoja juu ya machela yake baada ya kumwaga maji. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, kwa hiyo nilifunga mimi. "Amesema nini?" aliniuliza, ingawa alikuwa amesikia kila kitu.

"Amesema nikupelekee."

"Hakusema kitu kingine?"

Kutoka upande wa pili sauti ya Mzee ikaja, wazi kabisa. "Karani. Mwambie alegeze kamba."

Nikamgeukia Joabu, nikamwambia alegeze kamba. Alicheka mpaka akakohoa, na nadhani alikuwa akilia pia, lakini mvua ilikuwa usoni mwetu sote, siwezi kuapa.

Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Mzee alimrudishia mwalimu salamu za heshima, na mwalimu akaoa mahali pengine mwaka huo huo. Baba mdogo wa Joabu alikuja na wazee, wakala kuku, wakabishana juu ya ng'ombe siku nzima na kuagana wakiwa marafiki. Bwana Msitu mpya, kijana Mwafrika aliyevaa soksi ndefu kama za yule wa zamani, alikuja kuhesabu vifaa na kuuliza kwa nini turubai kubwa la kijani halipo. Mzee alimwonyesha yale mawili. "Mlituachia moja, tunawarudishia mawili," akasema. "Serikali imepata hasara gani?" Kijana alitazama mshono uliokatwa, akamtazama Joabu aliyesimama mbali kupita kiasi, na kwa kuwa alikuwa mtoto wa kwetu, hakuuliza zaidi.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni asubuhi iliyofuata mvua. Msitu ulikuwa ukitoa mvuke, na ardhi bado ilikuwa na barafu chafu kwenye vivuli. Mimi ndiye niliyepika, kwa unga ule uliolowa, obusuma mbaya kuliko wote niliowahi kupika. Niliupakua kama kawaida, sahani yao wawili na yangu. Joabu alikuja, akaiona ile sahani, akasimama. Mzee aliinua uso. Ndipo wote wawili, nafikiri, walipoelewa walichopoteza. Joabu akageuka, akaenda kukaa juu ya gogo upande wa pili wa kambi, akitupa mgongo, kama inavyompasa mkwe. Mzee aliumega ule obusuma katikati, akatoa samaki wetu wa mwisho, akakata upande mkubwa na kuuweka juu, akanipa nipeleke. Nilipeleka. Niliporudi Mzee hakuwa ameanza kula. Alikuwa akitazama moto, na akaniuliza bila kugeuza kichwa, kwa sauti ya chini ili ule mgongo kwenye gogo usimsikie.

"Anakula?"

"Anakula, Mzee."

"Na samaki?"

"Ameanza na samaki."

"Vizuri," akasema Mzee Ambani, na akanawa mikono.